Chakula cha Rosette

Wimbo wa Rosette tuliuimba mji mzima wa Baraka. Aliutunga mwenyewe, akaenda kuurekodi Uvira, na ukasikika kwenye harusi za Wakristo na za Waislamu, hata kwenye mitumbwi ya kwenda Ubwari. Alimwimbia mama yake, Immaculée, aliyemlea peke yake kwa kuuza ndakala, dagaa wakavu wa ziwa letu. Tulimjivunia mpaka basi.

Halafu televisheni ikamwita kuigiza. Akapewa nafasi ya mke anayemtilia sumu kwenye uji mtoto wa mke mwenzake. Aliigiza vizuri mno, na hilo ndilo kosa lake pekee. Tuliomtazama kwa Yasini, mwenye televisheni kubwa, tulifunika macho. Tangu siku hiyo hakuna aliyepokea hata maji mikononi mwake. Akaacha kuigiza, akarudi kufundisha kwaya, haikusaidia. Nyimbo zake tuliendelea kuzicheza! Upumbavu gani huu? Nami nilikuwemo: sombe, mboga ya majani ya muhogo, aliyoniletea nilipojifungua niliimwaga nyuma ya choo.

Mwaka jana Immaculée akafariki. Kwetu, ukikataa chakula cha matanga umemkana marehemu, na Rosette alilijua hilo, kama alivyojua kwamba chake tungekikataa. Hata hivyo alitaka kumpikia mama yake kwa mkono wake. Akasonga ugali wa muhogo, akapika ndakala, asubuhi yote. Sahani zikaja, hazikuguswa. Huyu amefunga, yule tumbo linamuuma, mwingine eti ameshiba.

Rosette akaketi chini katikati yetu, akaanza kumega tonge kwenye sahani moja baada ya nyingine, akila, kama wauza pombe ya ndizi wanavyoonja kwanza mbele ya mteja kuonyesha haina sumu. Alitafuna huku analia. Tukaangalia chini.

“Bamama,” akasema, “ile ya televisheni ilikuwa teatre tu. Mi siombi munipende. Mukule juu ya kumuheshimu mama yangu.”

Adolphine, rafiki wa marehemu tangu utoto, akavuta sahani ambayo haijaonjwa. Rosette akanyoosha mkono aionje. Adolphine akaushika.

“Acha, mutoto yangu. Mi nilikunyonyesha wakati mama yako iko mugonjwa. Hapa we hauonje tena.”

Akala.

Ndipo nikanawa mikono. Ugali ulikuwa umepoa kwa sababu yetu. Niliumaliza wote, na sikuweza kumtazama Rosette usoni.