Mgongo wa Saini

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kila Mwaka Mpya aliwaandikia viongozi barua za heri: gavana, waziri, mbunge, yeyote aliyekuwa kwenye kiti. Wachache walijibu. Majibu yenye saini ya mkono aliyatunza kwenye kopo la biskuti. Yenye saini ya fotokopi tuliwashia makaa. Alinifundisha kuyatofautisha. Unageuza karatasi, unafumba macho, unapitisha kidole mgongoni mwa saini. Kalamu huacha mfereji. Mashine haiachi kitu.

Alifariki miaka miwili baada ya mama, nikiwa mwaka wa pili sekondari. Niliacha shule, nikaanza kuuza sambaza, dagaa wa ziwani, na kopo nikalirithi pamoja na wadogo watatu. Barua za heri niliendelea kuziandika mimi.

"Yaya, leo rais amekujibu?" wadogo walinitania mimi dada yao mkubwa.

Nilicheka nao. Lakini nilingoja.

Mdogo wangu wa kiume nilimfundisha kuandika mwenyewe, kwenye meza ya kupangia samaki. Alikandamiza kalamu mpaka ukurasa wa chini nao ukachorwa. "Punguza mukono," nilimwambia kila siku, "unatoboa daftari." Hakupunguza. Nilimsomesha mpaka chuo kikuu, akapata kazi ya ukatibu kwa mbunge mmoja. Mwaka uleule, mbunge huyo akaanza kunijibu.

Halikuwa jibu la mistari miwili. Aliandika kwamba anamkumbuka baba, kwamba nyumba yetu ya Cimpunda anaijua, na maadamu yeye yuko hai, hakuna atakayegusa kiwanja cha watoto wa mwalimu. Niligeuza karatasi. Mfereji ulikuwa mrefu na wa kina. Nililia. Kwa miaka minne nilipata barua nne za namna hiyo.

Kiwanja baba alikinunua kwa karatasi ya mkono tu. Shangazi alinihimiza niende ofisi ya ardhi nikatafute hati. Nilimjibu, "Shangazi, sisi tuko na mbunge."

Kisha jirani wa upande wa juu akaanza kuchimba msingi ndani ya uwanja wetu. Mdogo wangu aliniambia ningoje. Nilingoja wiki tatu. Siku moja, bila kumwambia, nikabeba kopo mpaka ofisini kwao.

Mbunge alisoma barua ya kwanza akitabasamu. Ya pili aliisoma bila tabasamu.

"Maman, hii saini haiko yangu."

"Ni yako, mheshimiwa. Gusa nyuma."

Aligusa, kwa adabu tu, akamtazama katibu wake aliyesimama mlangoni na faili. Mdogo wangu alikuwa akiangalia viatu vyake. Hapo ndipo nilipoukumbuka mkono ule uliotoboa madaftari.

Nje, aliniambia, "Yaya, usikasirike. Ulikuwa unangoja sana. Nilitaka ufurahi."

"Na kiwanja?"

"Nilizani ni maneno ya barua tu."

Ofisi ya mtaa ilitupa siku ya kusikilizwa. Kila mtoto wa marehemu afike mwenyewe, au alete barua aliyoisaini kwa mkono, akithibitisha mipaka aliyotuonyesha baba. Wadogo wawili walikuja. Mdogo wangu katibu alikuwa Kinshasa na bosi wake.

"Nitatuma, Yaya. Parole," aliniapia kwa simu.

Barua ilifika asubuhi ya siku ya kusikilizwa, ikiletwa na dereva wa pikipiki. Jina lake, saini yake, maneno mazuri. Kabla ya kuikabidhi niliigeuza, nikapitisha kidole. Karatasi ilikuwa laini. Aliisaini huko, akaipiga picha kwa simu, mtu akaitoa kwa mashine hapa mjini.

Karani hakuhitaji kufumba macho. "Hii ni fotokopi, maman. Tulisema orijinali."

Ukuta wa jirani sasa unapita palipokuwa na jiko letu, nami napikia mbele ya nyumba. Mwaka Mpya uliopita sikumwandikia kiongozi yeyote. Kila Jumatatu napanga foleni ofisi ya ardhi, kwa ajili ya hati ya sehemu iliyobaki, na nitaipanga mpaka wanipe. Barua zile nne bado ziko kwenye kopo. Mkono wangu umekataa kuzitumia kuwashia makaa.

Mdogo wangu hupiga simu kuuliza kama nimemsamehe. Namwambia aje Cimpunda, akae kwenye meza ya samaki, aandike mbele yangu kile alichokifanya, halafu asaini kwa jina lake. Husema atakuja.