Mtetea wa Mnada wa Mavuno

Mwanangu, lipo kosa linalovaa kanzu ya ibada: kutoa ili uonekane. Nalifahamu, kwa kuwa mimi mwenyewe niliwahi kulivaa.

Nakumbuka Jumapili moja ya mavuno huku kijijini Kaagya, enzi za Ujamaa, tulipokuwa tukijenga kanisa la kigango chetu. Hatukungoja fedha za ng'ambo. Mwenye shilingi alitoa shilingi; asiyekuwa nayo alileta cha kibanjani: mkungu wa ndizi, debe la buni, kuku. Baada ya misa vitu hivyo vilinadiwa uwanjani, na kilichopatikana kikawa bati na saruji. Usione vyaelea, vimeundwa. Hadi leo nikipita mbele ya kuta zile huvua kofia kwa fahari.

Siku hiyo mjane mmoja alileta mtetea wake wa pekee, ambaye mayai yake ndiyo yaliyomnunulia chumvi na mafuta ya taa. Katekista alipomwinua kuku, jirani wa mjane, Mlutheri aliyekuja kwa ajili ya mnada tu, akataja bei. Nami, mwalimu mpya mwenye mshahara wa kwanza mfukoni, nikapandisha. Akapandisha. Nikapandisha tena, nikapaza sauti: "Mzee, kwenu hakuna kuku, hata uje kula sadaka ya Wakatoliki?"

Vijana wakacheka. Wazee wakatazama chini. Jirani akaacha kupandisha, nami nikaondoka na kuku wangu, kifua mbele.

Nyumbani mama alikataa kunipa kisu.

"Mwalimu, huko chuoni hawakukufundisha kutazama? Kila mavuno mzee yule hununua alichotoa mjane, kisha humrudishia. Sasa mwenzetu atapata wapi chumvi?"

"Basi nimpelekee kuku wake."

"Ukampelekee hivi hivi? Utakuwa umemtupia sadaka yake usoni."

Ikanibidi niende kwa yule yule niliyemtukana, nimwulize yeye hurudishaje. Nilitazamia mlango ufungwe; akanikaribisha, akanipa buni za kutafuna kama mgeni wa heshima. Aliponisikiliza akacheka.

"Mwalimu, wewe una banda la kuku?"

"Sina, tata," nikajibu, nikimwita baba kwa lugha ya nyumbani.

"Basi hutasema uongo. Mwambie huna banda, akutunzie kuku wako, na mayai yawe ujira wake. Mimi nina banda, ndiyo maana kila mwaka hunibidi nitafute sababu nyingine!"

Mjane alimpokea mtetea kwa mikono miwili. "Nitakutunzia, Mwalimu," akasema, kichwa kikiwa juu, kama mtu anayetoa msaada. Sadaka yake ikabaki sadaka.

Wahenga walisema kutoa ni moyo; hawakusema ni mdomo. Mwanangu, toa kwa ajili ya kanisa lako bila kumwaibisha aliyetoa kidogo. Ukimsaidia mtu, mwachie nafasi naye akusaidie. Wala usimpime jirani kwa mlango wa kanisa anamoingia. Mungu akibariki kibanja chako, mikungu yake ielemee migomba, akujalie na jirani kama yule mzee wa mnadani niliyejaliwa mimi: Ta Ishengoma.