Mzungu Aliyemsalimia Bibi

Mjomba wangu alikuwa akifanya kazi kwenye treni, na likizo ile aliposhuka stesheni ya Isaka aliniletea sahani ya santuri kutoka Dar es Salaam. Ilikuwa ya Mwingereza mmoja aliyeacha bendi yake akaamua kuimba peke yake, upande wa kwanza hadi wa pili. Kwenye jalada alikaa juu ya kiti cha mbao, nywele mabegani, gitaa mapajani. Nilikuwa kidato cha pili na niliipenda sahani ile hata kabla sijaisikia. Nililala nayo kitandani.

Tatizo lilikuwa bibi. Gramafoni pekee niliyoweza kuifikia pale mtaani kwetu Kalangalala ilikuwa yake, na aliifunika kitambaa cha kufuma tangu tulipomzika babu. Babu aliinunua mwaka aliopata dhahabu machimboni Rwamgasa. Wenzake walirudi na ng'ombe, yeye akarudi na gramafoni, na bibi hakuacha kumtania hata alipokuwa mgonjwa. Baada ya msiba hakuna aliyethubutu kuigusa.

Nilimbembeleza wiki nzima. Niliteka maji bila kutumwa, nikafagia uwanja hadi kwa jirani. Mwishowe akaomba kuliona jalada.

"Wenzake wako wapi?"

"Waliachana, bibi. Siku hizi yuko peke yake. Gitaa anapiga yeye, ngoma yeye, kinanda yeye."

"Maskini. Sasa anakula saa ngapi?"

Kisha akatoa hukumu. Wimbo mmoja tu. Ukiwa kelele, kitambaa kinarudi mahali pake, na nisimuulize tena mpaka wamzike na yeye. Nikakimbia kuanika betri za gramafoni juani ili zipate nguvu, maana mpya hazikuwepo dukani.

Jumapili mchana bibi alikaa kwenye kigoda akikata viazi vitamu vya kuanika michembe, kitambaa kikiwa tayari mapajani. Nikashusha sindano.

Mungu wangu, ngoma zile! Gitaa likaingia kwa mlio wa bati linaloburutwa, mwili ukanisisimka mpaka utosini. Nilitaka kuruka, nilitaka kupiga kelele, na papo hapo niliogopa, kwa sababu bibi alishaweka kisu chini na kukishika kitambaa. Akaanza kuinuka. Kaka, tulia kidogo, nikamwomba yule Mzungu kimoyomoyo, utaniponza.

Akatulia kweli. Vyombo vikanyamaza, kikabaki kinanda na sauti yake, na kiitikio kikaanza. Kwa Kiingereza alikuwa akiomba upendo zaidi, "more love", lakini aliyavuta maneno yale na kuumeza mwisho wake, na pale sebuleni kwetu likasikika neno moja tu: mhola, mhola. Ndivyo Wasukuma tunavyoulizana kama ni amani.

Bibi akaketi.

"Mhola duhu," akajibu kwa adabu zote. Ni amani tu.

Mzungu akauliza tena. Bibi akajibu tena, safari hii kwa sauti, akijitanda kanga vizuri. Kila kiitikio kiliporudi aliitikia, hakuchoka. Nilicheka hadi machozi, nikacheza katikati ya maganda ya viazi, na wala haikunijia kumweleza maana ya Kiingereza. Nani angemkatiza mtu anayepokea salamu?

Wimbo ukaisha. Nikainua sindano, nikasubiri. Bibi alikuwa akiitazama gramafoni, kitambaa kimeanguka sakafuni wala hakukiona.

"Tangu babu yako aondoke," akasema, "hakuna mwanaume anayeniuliza mhola humu ndani."

Nikamwambia upande wa pili una nyimbo nyingine nzuri.

"Na huko anasalimia?"

"Sijui, bibi. Sidhani."

"Basi mrudishe hapo hapo."