Saumu Yangu ya Uongo

Nilipunguzwa tumbo Mombasa, kwa matundu matano madogo, nikarudi kijijini kwetu Munje nikasema nilikwenda kumtembelea shoga yangu. Daktari alikuwa amenieleza kwamba unene wangu ni maradhi, na upasuaji ule ni tiba kama tiba nyingine. Nilimwamini. Niliowaogopa ni watu wa kwetu, wangesema ulafi umenishinda mpaka nikakatwa.

Mtihani ulikuja kwenye khitma ya jirani. Sinia la pilau liliwekwa kati yetu wanawake watano, na mimi matonge matatu tu yangenikaba. Mmoja akaniuliza, "Mbona hutii mkono, dadangu?" Ilikuwa Alhamisi. Nikausikia ulimi wangu ukisema, "Nimefunga."

"Mashaallah!" wakaitikia wote. Basi nikawa mfungaji. Kila Jumatatu na Alhamisi nilijidai nina saumu, huku nikijifungia chooni ninywe maji kidogo kidogo kwa kifuniko cha chupa, maana daktari alinikataza kukaa bila maji. Magharibi nilikwenda kufuturu kwa dada yangu mkubwa. Mwili ulipungua, sifa zikaongezeka. Nilizipenda, sitaficha.

Dada naye ni mnene kama nilivyokuwa mimi, tena ana sukari. Siku moja tukikuna nazi jikoni kwake, wawili tu, akaniuliza nimefanyaje hata nikapungua. Ningeweza kumwambia. Nikamwambia, "Ni kufunga tu, dada. Na nia."

Akatia nia. Wiki ya tatu, Jumatatu adhuhuri, sukari ilimshuka, akaanguka uani akapelekwa hospitali Msambweni hajitambui.

Alipozinduka nilikuwa nimeketi kando ya kitanda. Alitazama mpira wa dripu mkononi mwake, machozi yakamlengalenga. "Nisamehe, mdogo wangu. Wamenitia maji ya sukari, saumu yangu imevunjika. Sina moyo kama wako."

Aibu ilinichoma mpaka masikioni. Nilivuta pazia, nikapandisha dera, nikamwonyesha makovu. Nikamweleza yote, hata kile kifuniko cha maji. Alinyoosha kidole akaligusa kovu moja, taratibu, akaniuliza kama liliuma. Kisha akaurudisha mkono wake chini ya shuka.

"Kunificha mimi ningekusamehe," akasema. "Lakini zile jioni zote ulizokuja kwangu, nikakuchagulia tende zilizo laini, ukainua mikono ukaomba dua mbele yangu. Ulikuwa ukifuturu nini?"