Jicho la Mama Kando ya Majeneza

Tulipomzika baba huko Kabuchai, jicho la kushoto la mama lilikuwa limetokeza mbele na kope lake la juu limelegea. Waliokuja kutufariji walimsahau marehemu, wakaanza kulichunguza jicho. Kina mama wa kanisa walisema ni presha. Jirani akasema ni goita ya shingoni iliyopotea njia. Baba mdogo, ambaye miwani yake aliichagua sokoni Kimilili kwa kujaribu moja baada ya nyingine, ndiye aliyekata shauri.

"Shemeji hakulia vizuri. Machozi yamejaa huko nyuma, yanasukuma jicho. Asiende hospitali mpaka tuketi kama ukoo."

Mimi niliishia darasa la nane, na nilikuwa namlilia baba kimya kimya. Niliwaachia wakubwa. Ukoo uliketi, ukala kuku, ukaahirisha. Mama alikuwa ameanza kuona kila mtu wawili, na ukoo wetu ni mkubwa hata kwa macho mazima.

Nikampeleka Kitale bila kuaga. Daktari wa macho alisimama nyuma yake, akayalinganisha macho yote mawili kutoka juu ya paji la uso, akalibonyeza taratibu lile bovu, akapapasa shingo.

"Lilianza lini?"

"Wakati wa matanga."

"Una picha zake za zamani?"

Niliona aibu. Kwetu mama hapigwi picha akichuma mboga wala akicheka. Hupigwa kando ya jeneza, familia zikiitwa kwa zamu. Nikamwonyesha kwenye simu: mama na jeneza la nyanya, mama na jeneza la shangazi, mama na jeneza la baba. Daktari alikuza uso wake tu, akawaacha marehemu. Kila mazishi, kope lilikuwa limeshuka zaidi.

"Hiki kitu ni cha miaka," alisema. "Inaonekana kuna uvimbe nyuma ya jicho, unakua polepole. Afadhali hivyo. Lakini apigwe picha ya kichwa haraka, kabla haujabana mshipa wa jicho akapofuka."

Nyumbani nilieleza yote bila kupunguza. Baba mdogo alifikiri kidogo.

"Ati lilianza zamani? Basi si ndilo lililomuua ndugu yangu?"

Mama aliinua kope kwa kidole ili amwone vizuri.

"Shemeji, nyinyi ketini mlijadili hilo. Sisi tunarudi Kitale kesho."