Kipande Kisicholimwa

Nilimpiga bwana udongo kwa mpini wa jembe, akaanguka, nikampiga tena akiwa chini. Kijijini bado wanasema nilipandwa na pepo. Pepo gani? Nilikuwa na akili zangu zote, na mtoto wangu wa pili mgongoni akilia.

Bwana udongo ndivyo tulivyomwita kijana aliyeletwa Handeni kupima ardhi. Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa kipya, shamba la pamba la kijiji lilikuwa bado halijapandwa. Alikuja na Landrova kutoka Korogwe, ana vifuko vya kitambaa na chuma kirefu kama keekee ya seremala, unakizungusha kwa mikono, kinazama ardhini na kutoka na udongo.

Mkutanoni alitueleza vizuri, sikatai. Kila udongo, alisema, una madini yake tangu kuumbwa: chuma, shaba, zinki, hata risasi kidogo. Hayo hayakuletwa na mtu. Tukishaanza kupiga dawa ya pamba na kutia mbolea, hakuna atakayejua yapi ya ardhi na yapi ya dawa. Kwa hiyo lazima apime kwanza.

"Nataka mahali ambapo hapajalimwa kabisa," alisema. "Pasiwe na majivu, pasiwe pa zizi wala nyumba. Mahali ambapo mtu hajagusa."

Mimi nimesoma sekondari, kemia naijua kidogo. Niliona anasema kweli. Ndipo mwenyekiti wa kijiji akasimama.

"Pako, ndugu. Kule mahameni tulikotoka. Katikati ya mashamba pana kipande hakijapigwa jembe tangu mimi mtoto. Wanawake wetu ni wavivu, wanakizunguka tu!"

Wanaume wakacheka. Mama mkwe wangu akanifinya paja ninyamaze. Sikunyamaza.

"Pale hapachimbwi," nikasema.

"Kwa nini, mama?" akauliza bwana udongo, kwa adabu.

Nikamtazama mama mkwe. Akatikisa kichwa. Nikasema, "Kuna sababu."

"Sababu ya sekondari hiyo," mwenyekiti akasema, na kicheko kikaanza upya.

Kwetu mtoto akifa kabla hajatolewa nje, kabla kitovu hakijadondoka, wanaume hawamziki. Anazikwa na wanawake, kimya kimya, bila jiwe wala kijiti. Hata baba yake haonyeshwi kaburi, wala haambiwi alikuwa wa kike au wa kiume. Mahali hapo hapalimwi, na habari zake hazisemwi mbele ya wanaume. Wao wakipita wanaona nyasi tu.

Mwanangu wa kwanza alikuwa pale.

Siku ya kuhamishwa kuja kijijini, miaka miwili kabla ya bwana udongo, nilikuwa nimejifungua juzi yake. Mgambo walikuja na virungu na mienge ya nyasi. Mume wangu alikuwa Korogwe, kwenye mashamba ya mkonge. Mama mkwe alisimama mlangoni akapanua mikono.

"Mzazi yumo ndani! Hatoki kabla kitovu hakijadondoka!"

"Kitadondokea kijijini, bibi," mgambo mmoja akamjibu, na wenzake wakaona ni mzaha mzuri. Kisha akampiga kirungu cha mkono. Nilisikia mfupa. Mwenyekiti huyu huyu ndiye aliyeshika mwenge. Aliutia kwenye paa la nyumba yangu nikiwa bado natambaa kutoka, mtoto kifuani, damu inanitiririka miguuni. Mvua ikaja, ikazima moto baada ya paa kwisha. Tulilowa hadi asubuhi. Mtoto alikohoa, akawa wa bluu, akaacha kukohoa. Mama mkwe alichimba kwa mkono mmoja. Hatukumaliza hata kusimama vizuri, tukaswagwa kama ng'ombe.

Basi unaweza kuelewa. Asubuhi baada ya mkutano nilichukua jembe langu nikaenda mahameni. Nilichelewa. Landrova ilikuwa imesimama kwenye nyasi, chuma kimezama, na bwana udongo alikuwa anafunga kifuko kilichojaa, mwenyekiti na mgambo mmoja wamesimama kando yake.

Aliniona akatabasamu. "Umekuja kutazama, mama? Ona udongo ulivyo safi. Huu haujaguswa na mtu."

"Umwage ulipoutoa."

"Haiwezekani, huu unakwenda maabara. Ndio tutakaolinganishia mwingine wote."

"Mwanangu yumo humo."

Nililisema, mbele ya wanaume. Kijana akashtuka, akamgeukia mwenyekiti.

"Mwongo huyo," mwenyekiti akasema. "Makaburi yetu nayajua yote. Chimba, ndugu."

Na kijana akashika chuma tena. Hapo ndipo nilipompiga, sikioni, akaanguka. Kifuko hakukiachia, nikampiga mkono. Mgambo aliyekuja nao akanirukia, akanipiga kirungu cha mdomo. Jino langu la mbele lilibaki pale. Nilimng'ata kidole mpaka akapiga yowe. Mtoto mgongoni alikuwa anapiga kelele, na mwenyekiti alikuwa anasema, "Mfungeni! Mfungeni huyu mwehu!"

Sikuwasikia wanawake wakija. Niliona miguu kwanza, kisha majembe. Walikuwa wamesimama kuzunguka kile kipande, na mgambo aliniachia bila kuambiwa. Mama mkwe akaingia katikati, mkono wake ulioungika kombo umelala kifuani. Maisha yake yote hakuwahi kulitaja jambo hili mbele ya mwanamume.

"Hapa ni mtoto wa huyu," alisema akinionyesha mimi. "Pale ni wa dada yangu. Pale ni wangu, watatu." Akaenda akionyesha kwa kidole cha mguu, mwanamke mmoja baada ya mwingine, na kila aliyetajwa aliinamisha kichwa. Akafika kwenye lile shimo. "Na hapa ulipopachimbisha, ubavuni mwa huyu mjukuu wangu, ni wawili wa kwako, mwenyekiti."

Mke wa mwenyekiti alikuwa mmoja wa walioshika majembe. Hakumtazama mumewe.

Bwana udongo alipiga magoti, damu ikimchuruzika shingoni. Alifungua kifuko kwa mkono uliosalimika akaurudisha udongo shimoni, akakung'uta mishono yote, akakigeuza ndani nje. "Mnisamehe, mama zangu," alisema. Mpaka leo sijajua kama nimemsamehe. Yule mwingine, aliyeshika mwenge, najua sijamsamehe.

Mwenyekiti alikuwa amekaa chini kwenye nyasi, kofia mkononi. Alimwuliza mama mkwe, kwa sauti ya chini, "Mama, walikuwa wa kike au wa kiume?"

Mama mkwe alikuwa ameshageuka kuondoka.

"Kamuulize mkeo," alisema. "Na inuka hapo, umewakalia."