Neno la Baba Mkwe kwa Neema

Mwanangu, kaa hapa kidogo, hiyo maiki mpya unayotaka kununua itakusubiri. Ipo siku moja ya Hounslow, kule London karibu na uwanja wa ndege, hainitoki kichwani, enzi hizo kompyuta ndiyo kwanza imeingia nyumbani kwetu, nami bado sijazoea kuitwa mke wa mtu.

Baba mkwe wangu alikuja kutibiwa mguu, madaktari wakamzuia kusafiri. Na huko Morogoro binti yake wa mwisho, wifi yangu Neema, anaagwa Jumamosi. Sendofu bila neno la baba! Mzee alinyong'onyea mpaka chakula kikawa hakipiti. Mume wangu, Elia, akasema basi tumrekodi, tutie kwenye CD, jirani yetu Mama Rehema anasafiri kesho, aende nayo.

Tukamkalisha sebuleni, kwenye kiti kizuri, kama inavyompasa mkwe. Akaongea vizuri mno, hadi nikalia. Tukasikiliza. Ala! Sauti inakwaruza, inavuma, na kila neno linajirudia kama mzee yuko ndani ya pipa. Elia alikuwa amepandisha sauti ya kurekodia hadi mwisho, maana kwetu mzee akisema lazima ukumbi mzima usikie. Sasa akachanganyikiwa. Akasogeza maiki, akabadili waya, akageuza kiti, akabonyeza kila alichokiona, vyote kwa pamoja. Ikawa mbaya zaidi. Akaanza kuitukana kompyuta ya watu.

"Elia," mzee akasema, taratibu kabisa, "umebadilisha mambo chungu nzima. Hata sauti ikitengemaa, utajuaje kilichokuwa kibovu? Gusa kimoja, kisha nyamaza usikilize."

"Sawa, baba." Akanywea kabisa, na mimi nikajifanya natafuta kitu jikoni nisije nikamcheka.

Basi tukaenda polepole. Nikazima friji, ule mvumo ukakatika. Elia akateremsha sauti ya kurekodia hadi ile alama nyekundu kwenye kioo cha kompyuta ikaacha kuwaka, mkwaruzo ukaisha. Ukabaki mwangwi. Akapiga makofi sebuleni, kuta zikamjibu. Sakafu tupu, hata mapazia tulikuwa hatujanunua. Akaenda kupiga makofi chumbani kwetu, penye kapeti na kitanda na makoti yetu ya baridi. Hakuna mwangwi. Dawa imepatikana!

Imepatikana wapi, mwanangu? Baba mkwe aingie chumba ninacholala? Mzee alisimama koridoni, akageuzia uso ukutani. "Huko mimi siingii. Na mkwe wangu usimwaibishe, Elia." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Ndipo nikakumbuka mablanketi niliyowanunulia ndugu wa nyumbani, bado yako kwenye mifuko yake, hayajalaliwa na mtu. Nikayatoa yote. Tukayatundika kwenye milango na migongo ya viti, mengine tukayatandika chini, mzee akakaa katikati. Tukangoja ndege ipite juu ya paa, akaanza. Safari hii tuliposikiliza alikuwa yeye hasa, hadi pumzi yake unaisikia. Mzee akatulia, akauliza kama kuna ugali. Jamani, nilifurahi! Nilisonga huku naimba, na Mama Rehema akaondoka na CD kwenye mkoba wake.

Jumapili Neema akapiga simu, analia na kucheka. "Wifi, baba alikohoa katikati ya maneno, ukumbi mzima ukaitikia, 'Pole, baba!'"

Kwa hiyo, mwanangu, kazi yako ikiharibika usikimbilie dukani, wala usivuruge kila kitu kwa hasira. Sikiliza kwanza ubaya wenyewe ni upi: ni mvumo, ni mkwaruzo, au ni mwangwi? Kila mmoja una chanzo chake. Rekebisha kimoja, usikilize tena, ndipo uguse kingine. Na ukimrekodi mtu, mkalishe mahali ambapo hataona haya, kwa sababu mtu akikaa kwa aibu hata sauti yake inabadilika, na hapo utahangaika bure na mashine. Mungu akupe subira na masikio mazima. Wazee wako wakuachie maneno mema ungali nao, na wote unaowapenda wakusikie vizuri popote walipo.